Mwaka Huu Viazi Vipungue

Nekesa,

Mambo ya sweta, ya pasipoti na ya kutokubali kinywaji cha mtu usiyemjua, shangazi zako wamekwisha kukuambia, tena kwa kelele, kwa hivyo hayo nayaacha. Begi lako nimelifungua mara mbili na kulifunga tena bila kutoa wala kuongeza kitu. Wewe na baba yako mko njiani kutoka Bungoma kumuaga kukhu wako, mama mkwe wangu, na mimi nyumba hii ya Kaptembwo, hapa Nakuru, imenishinda kukaa. Nimefagia palipofagiwa. Nimetoka nje nikasalimiana na jirani, nikarudi, nikasahau nilichomfuatia. Sasa nimechukua kalamu angalau mkono upate kazi.

Kuna jambo lililokukasirisha na ulikuwa na haki. Ulipotaka kuwaandikia watu wa chuo kule Hanoi kwamba huendi tena kwa ajili ya mama yangu, nilikuambia, "Wewe nenda. Mambo ya Cucu yamepangwa." Ukauliza yamepangwa vipi na nani. Nikasema, "Yamepangwa." Ukaniambia nimekujibu vile Guka alikuwa anajibu watu. Hilo liliniingia. Baba yangu alikuwa mtu mwema, lakini nusu ya mambo ya nyumba yetu tuliyajua siku yalipotokea. Kwa hivyo nataka kukueleza yalivyopangwa, na siwezi kueleza bila kuanzia kwenye yale maharagwe.

Ulikuwa umekaa hapa mezani na kitabu chako kinene, mimi nachambua maharagwe ya jioni. Nikakuuliza kwa mzaha tu, huko Vietnam wanaenda kukufundisha nini ambacho hapa hakuna. Ukafunga kitabu, ukavuta sinia upande wako.

"Ona, Mum. Hili fungu ni shamba. Huku kwenye nafasi ni mjini. Shamba ni dogo na watu ni wengi, wanagawana kazi ambayo wachache wangeimaliza. Sasa ukimtoa huyu," ukasukuma punje moja kwa kidole, "na huyu, na huyu, waende kiwandani, mavuno ya shamba hayapungui."

Ukaendelea, na mimi nikaacha kuchambua. Kiwandani mshahara hauhitaji kuwa mkubwa, ukiuzidi wa shambani kidogo tu watu watakuja. Mwenye kiwanda anapata faida, faida inanunua mashine nyingine, mashine zinataka watu wengine, punje zinazidi kuhama. Mpaka siku moja kule shambani hakuna tena mtu wa ziada. Siku hiyo mwenye kiwanda akitaka mtu lazima aongeze mshahara, na mwenye shamba naye lazima amheshimu anayebaki. Ukasema mwanauchumi mmoja wa zamani aliliwaza jambo hilo wakati nchi nyingi za Asia zilikuwa bado zinalala njaa, na kwamba zilipoanza kuinuka, moja baada ya nyingine, watu walirudi kwa maneno yake kuangalia kama ndivyo ilivyokuwa. Macho yako yalikuwa yanawaka. Nilikupenda sana wakati ule.

Nikauliza, "Na hao wanaotolewa shambani wanaitwaje?"

"Nguvukazi ya ziada."

Nikasimama nikasema naenda dukani kununua maziwa. Maziwa yalikuwepo. Ulidhani nimeudhika kwa sababu ya Vietnam, na hilo pia nitalifikia. Lakini nilitoka kwa sababu ile punje ya kwanza uliyoisukuma ilikuwa mimi.

Unaijua Dundori ya sasa, kwa Cucu. Ile yangu ilikuwa ni ekari mbili na watoto saba, na ukungu ambao asubuhi nyingine ulikufichia jembe lako mwenyewe. Guka alikuwa anasema kwamba siku tutakapopalilia wote kwa pamoja tutakatana vidole vya miguu. Mimi ndimi niliyekuwa wa kwanza kuzaliwa. Nilichimba viazi haraka kuliko ndugu zangu wote na sikuvikata, na tulikuwa na ng'ombe mkali ambaye alikubali mikono yangu tu. Nikiwa na miaka kumi na tisa, mtu wa kanisani kwetu akasema kiwanda cha sweta mjini Nakuru kinaandika wasichana. Nikaenda. Sikulia. Nilikuwa nawahurumia wao. Nilijua bila mimi watapata taabu.

Msimu wa kuvuna uliofuata niliomba ruhusa kazini nikapanda Dundori na mkate na sukari, nikawasaidie. Nikapata wamekwisha maliza. Stoo ilikuwa imejaa magunia mpaka juu, sawasawa na mwaka uliotangulia.

"Tumevuna kama kawaida," Baba akasema.

Hakuwa na ubaya. Alikuwa anafurahi. Lakini mimi nilisimama mbele ya yale magunia kama mtu aliyefika kwenye matanga yake mwenyewe akakuta watu wanakula vizuri. Nilikuwa nimepanga kukaa wiki nzima. Asubuhi nikashuka Nakuru.

Nekesa, nilikaa na uchungu huo miaka mingi kuliko umri wako. Nilijiambia, kama hawanihitaji na mimi siwahitaji. Nilikuwa narudi kwetu Krismasi na mazishi tu. Nilipoolewa na baba yako, nilimwambia Cucu wakati mambo yamekwisha kuiva, na watu wa Dundori wakafikiri ninaficha kwa sababu ni Mluhya. Haikuwa hivyo. Nilikuwa sijazoea tena kuwaambia kitu.

Nimesimama kidogo hapa, nimeenda dirishani. Mvua imeanza kunyesha na basi lenu lazima lipite milima ya Timboroa. Narudi kwenye habari yangu.

Kile kiwanda kilikuwa kama kitabu chako kinavyosema, nusu. Kila asubuhi tukiingia, nje ya geti palikuwa na wasichana wamesimama, viatu vina matope ya Molo, ya Njoro, ya Dundori. Msimamizi wetu alikuwa mtu mpole. Tukilalamika juu ya mshahara hakutukemea. Alikuwa anaenda kufungua dirisha. Basi. Tunasikia sauti za walioko nje wakiongea na kucheka, tunarudi kwenye mashine.

Nusu ya pili ndiyo iliyotushinda. Mashine zilizonipokea ndizo zilizoniaga. Mzee mwenye kiwanda alipata faida, tuliiona kwa macho, lakini faida ilikwenda kwenye ploti. Akajenga nyumba za kupangisha, ghorofa juu ya ghorofa. Na sisi tulimsifu! Tulikuwa tukisema mzee ana akili, nyumba haikatikiwi stima, nyumba haihitaji vipuri vya kuagizwa ng'ambo. Hata leo siwezi kumlaumu vizuri. Ningekuwa yeye, na kile nilichokijua wakati ule, ningenunua ploti. Ndiyo maana siku nyingine nilikuuliza, "Kitabu kinasemaje kama mwenye faida anaogopa?" Ukasema, "Hapo sasa ndipo serikali..." ukasita, ukanitazama, tukacheka wote wawili mpaka baba yako akauliza kuna nini. Tafuta jibu la hilo huko uendako. Mimi nalitaka kweli.

Miezi ya mwisho msimamizi alikuja na sweta moja ya kutoka nje, akaiweka juu ya meza ya kukatia, akasema, "Ishikeni." Tukaishika kwa zamu. Nilipoifikia niliigeuza ndani nje. Nilitafuta kosa kwenye mshono, chini ya kwapa, kwenye kola, mahali ambapo sisi wote tulikuwa tunakosea, nikalikosa. Ilikuwa nyepesi na bei yake ilikuwa chini ya bei ya nyuzi zetu. Kibandiko kiliandikwa Vietnam. Nilikuwa sijui nchi hiyo iko wapi, lakini tangu siku ile niliichukia. Wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni.

Kiwanda kilipofungwa, mashine ziliuzwa kama vyuma chakavu. Atieno, ambaye babake alikuwa amefanya kazi reli na ambaye tulikaa mashine jirani miaka yote, alinishika mkono pale getini.

"Mama Nekesa, tununue moja. Sweta za shule. Kila shule ina rangi yake, hao wa ng'ambo hawatajisumbua na rangi za shule ya Kaptembwo."

Nikamwambia, "Kiwanda kitafunguliwa tena."

"Nani amekuambia?"

"Kitafunguliwa tu. Watu wote hawa wataenda wapi?"

Akanunua peke yake. Mimi nikangoja. Nilifua nguo za watu nikingoja, nikauza mboga nikingoja. Kila nikipita pale nilitazama bomba la moshi. Nilikuwa nimeamini kwamba ukishatoka shambani ukaenda kiwandani umepanda ngazi, na ngazi hairudi nyuma. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba nchi inaweza kuanza kuinuka ikakaa tena. Nilipoenda kubisha kwa Atieno nilikuwa nimechelewa sana, na hakunicheka. Alivuta kiti, akanipa mashine. Unayajua ya kuanzia hapo, ndiyo sweta zilizokusomesha.

Wewe ndiye uliyeniondolea chuki ya ile sweta, na sidhani unajua. Nilipokuhadithia habari ya kibandiko, ulisema polepole, "Mum, aliyeifuma alikuwa msichana kama wewe. Naye alikuwa ametoka kwa shamba la mpunga, kwao wamejaa." Nilikuwa sijawahi kumweka mtu ndani ya sweta ile. Usiku huo nilimwaza. Nilitaka kujua kama naye alirudi kwao msimu wa kuvuna, na alikuta nini.

Nadhani hilo ndilo lililonifanya nikuambie habari ya magunia, ambayo hata baba yako sikuwa nimemwambia. Nilikuambia, "Kitabu chako ni cha kweli. Niliondoka na viazi havikupungua." Nilifikiri utafurahi. Badala yake ukakunja uso.

"Kuna mwingine alimjibu huyo wa kwanza," ukasema. "Anasema mavuno yanaweza kubaki vile vile kwa sababu waliobaki wanafanya kazi zaidi. Wanaongeza saa. Kwenu nani aliongeza saa, Mum?"

Umri wote huu, na sikuwa nimewahi kuuliza. Na nikaona uso wako ukibadilika, kwa sababu ulikuwa umejiuliza swali hilo hilo juu yako. Tangu umalize chuo wewe ndiye unayekaa na Cucu siku nyingi za wiki, unamwogesha, unamgeuza, tangu alipovunjika nyonga. Kesho yake ukaniambia huendi Hanoi.

Nilichofanya ni hiki. Siku ile nilikuambia naenda kupeleka sweta shuleni, nilipanda Dundori.

Mama yako mdogo Wairimu alikuwa shambani anachimba viazi, peke yake, leso kiunoni. Unajua vile yeye habishi wala hasifu. Nikachukua jembe la pili. Tulichimba mstari mmoja hivi, na niliona aibu, kwa sababu nilikata viazi vingi.

"Wairimu," nikasema, "ule mwaka nilienda Nakuru, nani alifanya kazi yangu?"

"Kazi gani?"

"Ya hapa. Ya shamba, ya ng'ombe."

Hakuinua kichwa. "Ni mimi. Ungetaka nani?"

"Ulikuwa shuleni."

"Nilikuwa nakamua kabla ya shule. Halafu jioni nachimba mpaka sioni. Darasani nikawa nasinzia. Mwalimu akinisimamisha kwa ukuta, nasinzia nikiwa nimesimama." Akacheka kidogo, kama anayesimulia habari ya mtoto wa jirani. "Muhula wa pili nikamwambia Baba, wacha niache kitu kimoja. Akauliza gani. Nikamwambia, ng'ombe hawezi kuachwa."

"Kwa nini hukuniambia?"

Hapo ndipo alisimama wima. "Ulikuja na mkate. Ukaenda stoo ukaangalia magunia, ukanuna, asubuhi ukaenda. Nilifikiri umeona ni machache. Msimu uliofuata nikaongeza."

Mimi niliwanunia kwa sababu magunia yalikuwa mengi, na mtoto wa miaka kumi na tano akadhani ni machache, akaongeza. Na sisi wawili hatukuwahi kuulizana.

Nilitaka kumwomba msamaha pale pale. Hakunipa nafasi. Alirudi kuinama, akasema, "Nekesa akienda, usiwe na wasiwasi. Nitaongeza."

"Hapana."

"Hapana nini? Cucu atageuzwa na nani?"

"Wairimu, wewe unataka nini? Sijawahi kukuuliza. Unataka nini wewe?"

Akakasirika. Umewahi kumwona amekasirika? Mimi sikuwa nimewahi. "Usiniulize vitu kama hivyo na mvua inakuja!" Akaanza kutupa viazi ndani ya gunia kama mawe. Tukakusanya, tukakimbia, tukafika jikoni tumelowa. Akampikia Cucu uji, akaketi kumlisha. Cucu alikuwa anatutazama mmoja mmoja kwa zamu, haulizi. Kijiko kikiwa kati ya bakuli na mdomo, Wairimu akasema bila kunigeukia:

"Nataka kazi ya kukaa chini."

"Ya kukaa?"

"Ya kukaa. Na watu wa kuongea nao. Hapa naongea na ng'ombe."

Cucu akasema kwa Kikuyu, kwa sauti yake ile ndogo ya siku hizi, kwamba hata yeye yupo hapo na anaongea. Wairimu akamwambia, "Wewe unalala katikati ya maneno, Mami," na sote tukacheka, na nikaona Wairimu anapangusa macho kwa mkono wenye uji.

Siku iliyofuata nilimwambia Atieno kwamba naacha mashine yangu, na nimemletea mtu.

"Anajua kufuma?"

"Hajui."

"Ana miaka mingapi?"

Nikamwambia.

"Mama Nekesa! Wasichana wanaojua wako hapo nje kila Jumatatu."

"Najua. Nawaona. Mimi mwenyewe nilisimama nje hivyo."

Atieno ni mfanyabiashara, na hapaswi kuwa kitu kingine. Mwaka jana msichana wake mzuri alipoondoka kwenda mahali panapolipa zaidi, aliwaongezea waliobaki mshahara wiki hiyo hiyo, na mimi nikarudi nyumbani nikifikiri ndiyo ile siku ya kitabu chako imefika, watu wa ziada wameisha. Jumatatu geti likajaa tena. Kwa hivyo najua alichokuwa anakipoteza aliposema, "Alete mikono yake nione." Wairimu alishuka mjini na mikono yake. Atieno akaishika, akaigeuza, akaona ile mikwaruzo, akamwambia, "Hizi nyuzi zitakukwama kwenye ngozi mwezi mzima. Paka mafuta." Hiyo ndiyo ilikuwa barua ya kuajiriwa.

Basi ndivyo yalivyopangwa. Wairimu anakuja kukaa hapa. Mimi napanda Dundori kumtunza Cucu na shamba, baba yako atakuwa anakuja siku ambazo hayuko lindoni. Hakuna aliyenituma. Lakini usidhani ninakwenda kama mtakatifu. Ninaogopa. Nilijaribu kumkamua ng'ombe wa Wairimu juzi akanipiga teke nikakaa kwenye ndoo. Magoti yangu si ya mteremko ule. Na kazi ambayo Wairimu anafanya asubuhi moja mimi nitaifanya kwa siku mbili.

Tulikaa kitako mimi na yeye tukaliongea hilo, kama watu wazima, pengine kwa mara ya kwanza. Tumekubaliana mavuno yapungue. Tutapanda nusu ile ya juu, ya chini tumwachie jirani alime kwa mwaka. Wairimu ilimuuma sana. Aliuliza mara tatu, "Yapungue kabisa?" Nikamwambia yapungue, na hakuna mtu wa kujaza pengo, na tukivuna kidogo tutasema tumevuna kidogo.

Ningetaka uende ukijua hivyo. Unaondoka, na kitu kitapungua, tumekiona, tumekikubali sisi wenyewe tukiwa macho. Hakuna mtoto anayesinzia ukutani kwa sababu yako. Usiniletee habari ya kurudi mapema kwa huruma. Na ukirudi siku moja ukute mambo yako sawasawa kama ulivyoyaacha, tafadhali usinune kama mimi. Ingia ndani uulize.

Sijui kama nchi yetu inainuka. Wewe unaamini, nami sitaki kukuzuia kuamini, ila nimewahi kungoja chini ya bomba la moshi lisilotoa moshi, kwa hivyo nitaamini huku nikifanya kitu kingine kwa mkono. Watakuonyesha viwanda huko, na nadhani ni vizuri, na nadhani utavutiwa. Mtu aliyefuma ile sweta anaweza kuwa hai, ana umri kama wangu. Hutamjua, lakini ukimwona mwanamke wa umri wangu mahali pa kusubiri, msalimie tu. Usimweleze lolote.

Nilijiambia sitakuhubiria na naona nimeanza. Baba yako angekuwa hapa angekohoa.

Wairimu amepiga simu nikiwa kwenye mstari huo. Amefunga vitu vyake kwenye gunia la viazi kwa sababu hana begi, anataka kujua kama watu wa mjini watamwangalia. Nikamwambia watu wa Kaptembwo wameona magunia. Akauliza akina Atieno wanavaa viatu gani kazini. Akauliza kama mashine ikikatika uzi inapiga kelele. Halafu nikasikia ng'ombe analia nyuma yake.

"Njeri," akaniita. "Na nikishindwa?"

Nilitaka kumwambia hatashindwa. Hivyo ndivyo watu wanavyosema. Nikamwambia, "Ukishindwa utarudi, utanikuta huko nimeshindwa na huyo ng'ombe."

Alicheka mpaka simu ikamponyoka, nikasikia imeanguka, na bado nilikuwa nasikia anacheka kutoka mbali, yuko jikoni na Cucu anamuuliza kuna nini.

Nasikia sauti ya baba yako kwa geti. Nakuja kuwafungulia.

Mama